Mlemavu anahitaji kazi, si huruma pekee

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumsuta mlemavu anayeishi kwa msaada. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyemfungia mlango wa kazi.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, asiyeona, alihitimu vyema akaitwa kwenye mahojiano katika ofisi moja jijini Nairobi. Swali la kwanza lilikuwa: ni nani atakayekuleta kazini kila asubuhi? Walipomaliza kuuliza habari za barabara na ngazi, muda wa kuuliza habari za elimu yake ulikuwa umekwisha. Kazi hakupata.

Tangu mwaka 2011, Serikali imekuwa ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Fedha hizo ni haba na zimewahi kuchelewa, lakini zimewaokoa wengi na njaa. Sitetei zikomeshwe.

Hata hivyo, msaada pekee hautoshi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kwamba, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika asasi za umma ziwaendee walemavu. Isitoshe, mlemavu mwenye cheti cha msamaha hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Lakini msamaha wa kodi utamfaa nini asiye na mshahara?

Kuna hofu nyingine. Familia iliyozoea kidogo cha hakika huogopa kukiacha kwa ajili ya kibarua cha miezi mitatu. Serikali na itamke waziwazi kwamba anayejaribu kazi, kisha ikamtoka, atarejeshewa msaada wake bila kuanza foleni upya.

Katika neno kujitegemea, kiambishi "ji" huonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Sarufi isituhadae. Mimi ninayejiona kuwa ninajitegemea husoma kwa miwani, na hupanda ngazi zilizojengwa kwa kipimo cha miguu yangu. Mlemavu naye ajengewe njia ya kuingilia, apewe kompyuta inayosoma kwa sauti, kisha apimwe kwa kazi yake. Akishindwa hapo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumsomea methali ile.