Kushusha Sherehe Bila Kuikata

Kuwainua watu vitini ni kazi nyepesi. Weka wimbo mmoja wa marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, na hata wajomba walioshikilia sahani za pilau watasogea uwanjani. Kinachompima dijei wa mitambo ya kukodi ni saa ya mwisho. Hapo anatakiwa kuwashusha watu mia mbili au tatu kutoka kilele cha furaha hadi kwenye maombi, shukrani na safari ya kurudi nyumbani, pasipo ugomvi na pasipo jirani kuamka na hasira. Wengi huimaliza saa hiyo kwa kuzima mitambo ghafla, watu wakabaki wamesimama gizani wakipiga mbinja. Naamini ufungaji ndio sehemu ya sherehe inayokumbukwa sana na familia, na ndiyo inayopangwa kidogo kuliko zote.

Tuanze na mahali penyewe. Mbooni, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, ni vilima na mabonde. Boma liko mgongoni mwa mlima, chini yake shamba la matuta, kisha bonde, kisha mlima mwingine wenye maboma yanayotazamana na hili. Mchana wa jua kali, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko iliyo juu yake, na sauti hupinda kwenda juu ikapotea. Jua likizama mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, hewa baridi hutuama bondeni, yenye joto hubaki juu, na ile sauti iliyokuwa ikipotelea angani sasa hupinda kurudi chini. Ndiyo maana harusi ambayo saa tisa alasiri haikusikika ng'ambo ya bonde, saa nne usiku humfikia bibi kitandani mwake huko ng'ambo, ingawa dijei hajagusa kitu.

Hesabu yake si ngumu. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya spika hupungua kwa takriban desibeli 6. Chukua spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita 1 mbele yake. Ongeza umbali maradufu mara kumi, unafika mita 1,024. Zimepungua desibeli 60, zimebaki 40. Sasa weka sheria kando ya hesabu hiyo. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya Kenya zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha usiku katika makazi ni desibeli 35. Spika hiyo moja bado imezidi kiwango ikiwa umbali wa kilomita nzima, hata kabla hatujahesabu kazi ya ile hewa baridi ya bondeni. Mitambo ya harusi nayo hupita hizo desibeli 100 bila shida.

Kinachofika ng'ambo zaidi ni besi. Hewa, miti na kuta humeza sauti nyembamba, nzito hupenya. Jirani hasikii mashairi wala gitaa. Anasikia mdundo mmoja unaogonga mabati ya paa lake bila kikomo, na mdundo usio na wimbo hauna raha yoyote. Kwa hiyo kitu cha kwanza kupunguzwa usiku ni wufa, wala si sauti yote kwa jumla. Ukishusha besi kidogo kidogo, kila baada ya nyimbo mbili tatu, wachezaji walio mbele ya spika karibu hawatatambua, lakini ng'ambo ya bonde watakuwa wameanza kupata usingizi. Kuna la kufanya mapema zaidi, asubuhi mitambo inaposhushwa kwenye gari: elekeza spika upande wa mlima, zisitazame bonde. Vijana wengi hufanya kinyume kwa sababu wanataka sherehe isikike mbali, wapate kazi nyingine.

Dijei mwenyewe ndiye hakimu mbaya wa sauti yake ifikapo usiku. Sikio lililopigwa na muziki mkubwa kwa saa kadhaa hupoteza wepesi wake kwa muda. Kinachosikika kama sauti ya wastani ni kikubwa mno kwa mtu anayeingia sasa hivi. Akihisi muziki umelegea, anaongeza. Baada ya nusu saa anaongeza tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kumbi za burudani zisipite wastani wa desibeli 100, na hapo katikati ya umati tunapita bila kujua. Dawa ni rahisi: mchana, masikio yakiwa bado mazima, weka alama ya kalamu kwenye miksa mahali ambapo sauti haitapita usiku, na uiheshimu alama hiyo kuliko masikio yako.

Sasa tuje kwenye nyimbo. Benga ya Kikamba, sawa na rumba ya Kongo, huwa na sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anasimulia, gitaa likimsindikiza. Kisha maneno yanakwisha, magitaa yanashika kasi, na hapo ndipo vumbi linapotimka. Wanaopenda rumba huiita sehemu hiyo sebene. Dijei anayeshusha usiku anatakiwa kuijua mipaka hiyo katika kila wimbo alio nao. Saa ya kupandisha, unaweza kuruka simulizi na kuingia moja kwa moja kwenye magitaa. Saa ya kushusha unafanya kinyume: unawapa watu simulizi, unawaacha waimbe pamoja, na magitaa yakianza kukaza mwendo unatoka taratibu na kuingia wimbo mwingine unaoanza na maneno. Baada ya nyimbo nne au tano za namna hiyo utaona watu wanacheza wakiwa wamesimama mahali pamoja, wanazungumza, wanatafuta viti. Hakuna aliyefukuzwa. Miili imeambiwa kwamba usiku unakwisha.

Jambo moja huvuruga mpango huo kuliko yote, nalo ni kutajwa majina. Ukambani ni desturi ya zamani wanamuziki kuwataja marafiki na wafadhili wao ndani ya nyimbo, na madijei wameirithi. Mgeni anakuja mezani, anatoa noti, anataka yeye, mkewe na watu wa kwao watajwe. Kila jina linalotajwa huwasha moto upya, maana aliyetajwa lazima anyanyuke acheze, na wenzake wamfuate. Ukipokea majina hadi dakika ya mwisho, hakuna kushuka. Nasema wazi: majina yafungwe mapema, walau saa moja kabla ya muda wa kumaliza, na mshereheshaji ayasome yote kwa mkupuo muziki ukiwa bado juu. Noti itakayokuja baada ya hapo irudishwe kwa heshima. Najua inauma kurudisha pesa usiku, lakini anayezipokea ameuza saa ambayo si yake.

Kisha kuna maombi. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake Nzaui, ambayo leo iko kaunti hii ya Makueni, mwaka 1895, na kanisa la AIC lililotokana nayo lina waumini wengi vilimani humu. Harusi za waumini hao mara nyingi hufungwa kwa sala kabla ya giza, na muziki wake ni wa injili mwanzo hadi mwisho. Hata kwenye sherehe ambazo si za kanisa, au ntheo, yaani sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakamba, iliyoendelea hadi usiku baada ya mbuzi kukabidhiwa, ni nadra watu kuondoka bila mzee au mama mmoja kuomba. Dijei asiyejua hilo atakata wimbo mkali ghafla, amkabidhi mchungaji kipaza sauti huku wachezaji bado wanahema na kucheka. Nimemwona mzee akisimama na kipaza sauti mkononi, ametulia tu, hadi minong'ono ilipokwisha, ndipo akasema, "Kijana, sasa tupe nafasi tumshukuru Mungu." Yule kijana alikuwa ameacha muziki ukiendelea kwa chini akidhani unapendeza. Sala inataka kimya kamili. Muziki laini uwepo kabla ya sala na baada yake, kamwe usiwe chini yake.

Baada ya sala, wapigaji wengi huanza kukunja nyaya mara moja, na hapo ndipo mambo madogo huharibika. Mtoto hajulikani aliko, simu imeokotwa, gari la Tawa linaondoka na watu wa Tawa wako jikoni wanafungiwa chakula cha muthokoi. Acha spika moja na kipaza sauti kimoja vikifanya kazi hadi magari yaondoke. Afadhali zaidi, tangazo la usafiri litolewe mapema, kabla hata nyimbo hazijaanza kushuka, kwa sababu bodaboda za kupanda kwenda Kikima usiku si nyingi, na mtu asiyejua atafikaje kwao hawezi kufurahia wimbo wa mwisho. Ukifika wakati wa kuzima, amplifaya huzimwa kwanza, ndipo miksa na vingine vifuate. Ukianza na miksa, kishindo kitakachotoka kinaweza kuua spika. Jenereta nalo liachwe lizunguke dakika chache bila mzigo kabla ya kuzimwa.

Imebaki saa yenyewe. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa zifungwe saa tano usiku, na kila anayepiga muziki vijijini anajua kinachofuata: waliokuwa sokoni hufuata sauti iliko. Hawakualikwa, hawamjui biharusi, na ndio wanaodai wimbo mmoja zaidi kwa nguvu. Sherehe iliyoanza kushuka saa tatu na nusu na kunyamaza saa nne na nusu haikutani nao kabisa. Ile iliyopangwa kufungwa saa sita hukutana nao ikiwa imechoka, wazee wameshalala, na kijana mmoja mezani hana wa kumtetea.

Kwa hiyo naziomba kamati za harusi za Mbooni. Mnapomlipa dijei amana, andikeni kwenye karatasi hiyohiyo saa ya kumaliza, na jina la mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuongeza muda. Awe mzazi au mwenyekiti wa kamati. Asiwe bwana harusi, maana marafiki zake watamshinda. Kibali tafuteni mapema: Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya kudhibiti kelele mikononi mwa kaunti, na chifu wa eneo apate habari. Tena mtumeni mtu ng'ambo ya bonde siku mbili kabla, awaeleze wanaoishi huko kwamba kuna harusi na itafungwa saa ngapi. Mkishaitaja saa hiyo kwa majirani, itimizeni.