Mayai ya kinyonga si ya kuku

Watoto wangu walifuga kinyonga jike ndani ya karto. Akanenepa, akaacha kula, akashuka chini, akakwaruza karto mchana kutwa. Tukafikiri anataka kukimbia. Kumbe alikuwa anatafuta udongo! Akakufa na mayai yake tumboni.

Basi mama ya kinyonga anapashwa kupewa ndoo ya udongo na mchanga uliolowana kidogo, shimo lake lisibomoke. Atachimba, atataga, atafukia mwenyewe. Msimchungulie-chungulie, ataacha kazi. Kinyonga wa kwetu Katanga, ule wa vipande vya ngozi shingoni, anaweza kutaga mayai 30 na zaidi.

Kisha fukueni polepole kwa kijiko. Upande wa juu wa yai ubaki juu, tieni alama ya kreyoni. Kuku anageuza mayai yake, lakini hili ukiligeuza mtoto anaweza kufa, maana amejishikiza kwenye ganda. Yapangeni ndani ya bwate, nusu ndani ya mchanga wa kulowana. Ukiufinya mkononi, maji yasitone. Funikeni, toboeni matundu madogo, wekeni kivulini, mbali na mbabula.

Sasa ni kungoja, miezi 9, pengine mwaka. Kuku ni siku 21 tu! Yai zima linavimba. Lililooza linanyauka, linaota ukungu, litoeni.

Kinyonga wetu wa pili alipata ndoo yake. Watoto walipotoka, wadogo kama njiti ya kiberiti, jirani akakimbia. Hawana sumu, lakini nani atamwambia? Tukawaachilia kwenye mwembe.