Rangi mpya haiponyi injini ya boti iliyolika

MAJI ya Ziwa Nyasa si ya chumvi kama ya bahari, lakini mwenye boti wa Lituhi, Liuli au Mbamba Bay asidhani injini yake imesalimika. Mguu wa injini, yaani sehemu inayozama majini pamoja na propela, kwa kawaida hutengenezwa kwa aluminiamu. Rangi ikibanduka, aluminiamu huota unga mweupe na kulika taratibu.

Kupaka rangi juu ya unga huo ni kutupa fedha, kwani itabanduka tena. Kwanza osha mguu kwa sabuni, ondoa mafuta yote, kisha piga msasa hadi metali ing'ae. Siku hiyo hiyo paka rangi ya msingi inayofaa aluminiamu. Ikikauka, paka rangi ya juu mikono miwili.

Jihadhari na rangi za kuzuia makombe, kwani nyingi zina shaba. Shaba ikigusana na aluminiamu majini, aluminiamu ndiyo huliwa.

Kwenye mguu hufungwa pia kipande cha metali ili kiliwe badala yake. Usikipake rangi, maana kikifunikwa hakifanyi kazi. Aliyenunua injini iliyotumika baharini akikague. Cha zinki hufaa maji ya chumvi. Ziwani huganda utando na kuacha kazi. Kwenye maji baridi weka cha magnesiamu, na kikilika hadi nusu ubadilishe. Bei yake ni ndogo kuliko ya mguu mzima.