Ukisogeza Neno, Sogeza na Pumzi Yake

Programu za kurekodi zimeifanya kazi ya kupanga upya mazungumzo ionekane nyepesi mno. Katika Audacity, programu ya bure, tangu toleo la 3.1 la mwaka 2021 unashika ukanda ulio juu ya kipande cha sauti na kukivuta unakotaka. Ukisogeza ukingo wake ili kukifupisha, sauti iliyoondoka haijapotea; imefichwa tu, na unaweza kuirudisha. Enzi za utepe wa sumaku, mhariri alikata kwa wembe na kuunga kwa utepe wa kunata, na katika studio nyingi sekunde moja ya sauti ilikuwa na urefu wa sentimita 38, hivyo alichokitupa alikiona sakafuni. Wepesi wa leo ni neema, lakini umetuzoesha vibaya: tunahamisha maneno na kuuacha ukimya wake nyuma. Nashikilia kwamba ukimya unaolizunguka neno ni sehemu ya neno hilo, na kipande kilichohamishwa bila ukimya wake kimehamishwa nusu.

Tuanze na sauti yenyewe. Kwa kiwango cha CD, kompyuta hupima wimbi mara 44,100 kwa sekunde. Ukikata pale wimbi lilipo juu ukaliunga na pale lilipo chini, spika hulazimika kuruka ghafla, na mruko huo msikilizaji huusikia kama "tik". Dawa yake ni kukata wimbi linapovuka sifuri, au kukififisha kipande cha kwanza huku cha pili kikipanda, kwa milisekunde chache tu. Hilo ni jepesi. Gumu zaidi ni chumba. Hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Pana feni, jokofu, magari ya mbali. Ukijaza pengo kwa utupu wa kompyuta, msikilizaji husikia chumba kikitoweka kisha kikirudi, na hapo hapo anajua pamekatwa. Ndiyo maana mtayarishaji makini hurekodi nusu dakika ya chumba kitupu kabla ya kuzima maikrofoni, apate kiraka cha rangi ileile. Kisha kuna lugha yetu. Sauti ya "h" ni hafifu, na kwenye skrini huonekana karibu sawa na mstari mtupu. Anayekata kwa kutegemea macho huanzia pale wimbi linapoinuka, na mgeni aliyesema "hakubali" anatoka hewani akisema "akubali". Maana imegeuka, na hakuna aliyekusudia.

Wapo watakaosema programu za siku hizi huondoa ukimya zenyewe, na msikilizaji aliye ndani ya daladala hana muda wa kusubiri mtu avute pumzi. Ni kweli kwamba kusitasita kusiko na maana kunachosha, na sipingi kukupunguza. Lakini mashine hupima urefu wa ukimya; sababu yake haiijui. Mama anayeulizwa kama amemsamehe aliyemdhulumu, akanyamaza sekunde tatu kisha akasema ndiyo, amejibu mara mbili. Ukizifuta sekunde hizo umelifuta jibu la kwanza, na pengine ndilo lililokuwa zito.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaoona kila upangaji upya kuwa udanganyifu. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, alilijibu mwaka 1966. Alieleza jinsi alivyounganisha rekodi mbili za fuga moja ya Bach, kila moja ikiwa na upungufu wake, akapata moja iliyo bora. Na aliweza kwa sababu kasi za rekodi hizo zilikaribia kulingana. Kwa muziki nakubaliana naye. Kauli ya mtu ni jambo lingine, kwa sababu muda uliopita kati ya sentensi mbili ni sehemu ya ushahidi. Katika kipindi cha Panorama cha mwaka 2024, BBC iliunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021, zilizotengana kwa zaidi ya dakika 50, zikasikika kama kauli moja. Novemba 2025 Mkurugenzi Mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu, na shirika likaomba radhi. Maneno yalikuwa ya msemaji mwenyewe. Kilichoondolewa ni umbali kati yake. Sentensi moja ya mtangazaji, "baadaye alisema," ingeurudisha.

Basi ukihariri mahojiano, kata kabla ya pumzi, si baada yake. Panapokuwa na mistari mingi ya sauti, kila msemaji na wake, washa kwanza ufungaji unaoifanya isogee pamoja, maana ukifuta sekunde mbili kwenye mstari wa mgeni pekee, maswali yako yatamdondokea katikati ya majibu. Hifadhi rekodi nzima bila kuigusa. Na kabla ya kukirusha kipindi, kisikilize chote bila kutazama skrini. Kiungo kinachobadilisha maana ya msemaji, kivunje, hata kama hakisikiki.