Figment: Joka dogo lililowafunza mashabiki kumbishia Disney

Kama umewahi kusimama stejini ukaacha matatu mbili zipite, ukingoja ile nganya moja yenye michoro ya maana, basi stori hii utaielewa haraka. Unajua kabisa gari si lako. Huna hisa hata kwenye tairi. Lakini mwenyewe akiipeleka gereji ikarudi imepakwa rangi moja, muziki umetolewa, wewe ndiye utaumia roho. Na ukilalamika, hakosi msee wa kukuuliza: "Kwani wewe ndiye uliinunua?"

Swali hilo ndilo mashabiki wa bustani za burudani za Disney kule Marekani wameulizwa kwa zaidi ya miaka 25. Mimi nililikuta baada ya kuacha chuo, siku zile nilikuwa na muda mwingi na bando la usiku. Nilianza kutazama video za michezo iliyobomolewa kitambo, zilizorekodiwa na wageni kwa kamera zao za mkononi. Florida sijawahi kukanyaga. Lakini kuna joka moja dogo la zambarau lililoninyima usingizi.

Joka hilo linaitwa Figment. Nyumbani kwake ni Epcot, bustani iliyofunguliwa mwaka wa 1982 karibu na Orlando. Mabanda mengi ya Epcot yalikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. General Motors ilidhamini banda la usafiri. General Electric ilidhamini Horizons, lililoonyesha maisha ya kesho. Kodak, wale wa filamu za kamera, wakachukua banda la ubunifu. Kwa hivyo usidhani kulikuwa na zama safi ambapo pesa za makampuni hazikuwepo. Zilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Machi 1983, ndani ya banda la Kodak, ukafunguliwa mchezo ulioitwa Journey Into Imagination. Unaketi kwenye kigari, taa zinafifia, na mbele yako anatokea mzee mwenye ndevu nyekundu na kofia ndefu. Huyo ni Dreamfinder. Yuko ndani ya chombo cha ajabu angani, anakusanya rangi, sauti na mawazo, na kutokana na vitu hivyo anamuumba Figment ukiona kwa macho yako.

Sasa sikiliza ufundi wake. Vigari vilikuwa havisimami. Utawaonyeshaje watu tukio refu kama mchezo wa jukwaani na bado wanasonga? Wabunifu walijenga seti kadhaa zinazofanana, wakaziweka juu ya mtambo mkubwa wa duara unaozunguka sambamba na vigari. Kila kundi lilipata Dreamfinder wake, tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo hakuna aliyekuwa anabana matumizi, bana.

Mwaka wa 1998 ukafungwa. Uliporudi 1999, ulikuwa na jina jipya na roho nyingine. Dreamfinder hakuwepo. Figment alionekana kwa kufumba na kufumbua tu. Mahali pao aliwekwa Dkt Nigel Channing, mkuu wa taasisi ya kubuni, akiigizwa na Eric Idle. Mhusika huyo alitoka kwenye filamu ya 3D iliyokuwa ikionyeshwa banda hilohilo. Safari ilifupishwa, na ule mtambo wa duara ukaachwa nje ya njia.

Mashabiki waliwaka. Hawakusema tu "mmetuharibia utoto wetu". Walitaja makosa moja baada ya jingine: safari ni fupi, vyumba ni vitupu, na mchezo unaodai kusifu ubunifu hauna ubunifu wenyewe. Mwaka wa 2001 ukafungwa tena, baada ya kama miaka miwili tu. Juni 2002 ukafunguliwa upya, Figment akiwa ndani na jina lake likiwa mlangoni.

Walishinda? Nusu. Dreamfinder hakurudishwa kwenye safari. Channing alibaki. Njia fupi ilibaki. Kodak ilijiondoa 2010, na 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mchezo wa 2002 ukaendelea kuzunguka kwa zaidi ya miaka 20, mrefu kuliko maisha ya ule wa kwanza.

Linganisha na Mr. Toad, mchezo wa chura dereva uliokuwa bustani jirani ya Magic Kingdom tangu 1971. Uvumi uliposambaa kwamba utaondolewa, mashabiki walivaa fulana za kijani wakaenda kuandamana palepale bustanini. Haikusaidia. Septemba 1998 ukafungwa, na mwaka uliofuata akaingia Winnie the Pooh, dubu ambaye wanasesere wake wanauzika ajabu. Ndani ya mchezo huo mpya kuna picha ukutani: Toad akimkabidhi Bundi hatimiliki ya nyumba. Wabunifu walijua wanachokizika.

Lakini pia tusidanganyane. Si kila kilio cha shabiki kina haki. Splash Mountain, ule mlima wa maji, ulitokana na filamu ya Song of the South ya mwaka wa 1946. Namna ilivyowachora watu weusi ilikera kiasi kwamba Disney yenyewe haijawahi kuitoa kwa video za nyumbani Marekani. Mwaka wa 2020 ikatangazwa kwamba mlima utapewa hadithi ya Tiana, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, na mchezo mpya ukafunguliwa Florida mwaka wa 2024.

Kelele zilikuwa za aina mbili. Kuna waliotaka kila kitu kibaki kama zamani, kwa sababu tu walikuwa watoto wakati huo. Na kuna waliosema: hadithi mpya ni sawa, sanamu zinazotembea ni kali mno, lakini mbona hakuna adui, hakuna hatari, hakuna sababu ya kuporomoka kwenye yale maporomoko? Malalamiko ya kwanza ni kumbukumbu. Ya pili ni kazi ya macho. Ukizichanganya, kampuni itajibu ile rahisi na kuipuuza ile ngumu.

Ndiyo maana Figment hanitoki akilini. Januari 2022, Epcot ilianza kuuza ndoo ya popkoni yenye umbo lake. Watu walipanga foleni kwa saa nyingi, wengine wakanunua na kuiuza mtandaoni kwa bei ya juu. Mwaka wa 2023 Figment akaanza tena kukutana na wageni na kupiga picha nao. Kampuni ilijua vizuri kabisa kwamba anapendwa. Upendo huo ikaufanya ndoo, wakati mchezo wake wenyewe ulibaki na ile njia iliyokatwa 1999.

Na ukiuliza nani wa kulaumiwa, angalia pia ile foleni. Watu walewale walioomba mchezo bora walitoa pesa kwa plastiki. Nawalaumu? Hapana. Hata mimi ningepanga. Kitu unachokipenda kinapoonekana, hata kama ni kipande tu, mkono unaingia mfukoni kabla kichwa hakijaamua. Hilo kampuni inalijua kuliko sisi.

Kwa hivyo yule msee wa stejini akikuuliza kama ndiye uliyenunua gari, mwambie hapana, ila macho ni yako. Kisha mwonyeshe kilichoharibika: mstari gani, rangi gani, spika gani.

Leo usiku ukiwa na bando, tafuta video ya safari ya 1983, halafu ile ya 1999. Zitazame mfululizo, bila kuruka. Ukimaliza, niambie kama uliona tofauti kabla mtu hajakuonyesha.