Tumwimbie Mzee Aliyesahau

Ndugu wanakikundi, mzee akisahau hata jina la mtoto wake, tusikimbilie kusema amerogwa au ni mchawi. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi tu.

Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini wimbo hutuliza. Nyimbo za ujana hukaa akilini muda mrefu, hata mazungumzo yakimshinda. Kwa hivyo akikataa kuoga, ama jioni akihangaika ati anataka kwenda kwao, tusibishane naye. Tumwimbie polepole wimbo wa kanisa au wa ngoma za rika lake. Redio ya kelele tuizime. Akilia au akikasirika, tunyamaze, baadaye tujaribu mwingine.

Tuende kwa zamu, ili anayemtunza naye apumzike.