Ujirani wa Vyura wa Mishale

Katika misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na ya Kusini, tangu Nicaragua mpaka Bolivia, huishi jamii ya vyura wadogo, wengi wao wasiozidi urefu wa kidole gumba, waliojaaliwa rangi za buluu, manjano, nyekundu na kijani zing'aazo kuliko johari. Huitwa vyura wa mishale kwa kuwa Waembera wa Kolombia walikuwa wakipaka katika vishale vyao vya kupuliza sumu ya baadhi yao, hususan Phyllobates terribilis, yule wa manjano ambaye wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1978. Sumu hiyo hutokana na wadudu wadogo wanaowala msituni. Hivyo chura aliyezaliwa ndani ya kioo na kulelewa kwa inzi wa matunda hana sumu ya kutajika. Habari hii humtuliza mfugaji, bali pia humghuri, akadhani kwamba viumbe wasiomdhuru yeye hawawezi kudhuriana wao kwa wao, akawachanganya katika kasha moja kwa kufuata uzuri wa rangi.

Kumbe rangi ndiyo dalili iliyo dhaifu kuliko zote. La kuuliza kwanza ni namna kila jinsi inavyoishi kwao, nani hulinda nini na dhidi ya nani, kwa maana msituni aliyeshindwa huenda zake, lakini katika kasha la sentimita 60 hana pa kwenda.

Mfano ulio bayana ni Dendrobates tinctorius wa Guyana, Suriname, Guyana ya Kifaransa na kaskazini ya Brazil. Kwao dume ndiye atunzaye mayai, tena ndiye ambebaye kiluwiluwi mgongoni mpaka penye maji. Kwa hiyo jike aliyekwisha kumpata dume humchukia jike wa pili kama mke mwenza asiyetakiwa nyumbani. Humfukuza, humparamia, humkandamiza juu ya majani makavu, na akiyakuta mayai yake huyala. Wakingali wachanga hukaa pamoja bila husuma, na mwenye kuwafuga akaamini kwamba amani hiyo ni ya daima, mpaka wabaleghe. Hapo vita huanza, navyo ni vita visivyo na damu wala kelele: aliye dhaifu hujificha, huacha kula, nyonga zake zikachongoka, na siku moja huonekana amekufa pasipo jeraha, ikasemwa kuwa ni maradhi. Kwa rai yangu, jinsi hii ifugwe jozi kwa jozi, dume mmoja na jike mmoja, basi.

Dendrobates leucomelas wa Venezuela, mwenye mikanda ya manjano juu ya weusi, hustahimili zaidi maisha ya kikundi, kadhalika Phyllobates terribilis, mradi nafasi iwe pana na maficho yawe mengi, ijapokuwa hata majike ya leucomelas aghalabu hula mayai ya wenzao. Ama Oophaga pumilio, yule mdogo wa Kosta Rika na Panama, huko ugomvi ni wa madume, ambao hupigania mahali pa kulilia, ilhali mama humpeleka kila kiluwiluwi katika kidimbwi kilichomo kati ya majani ya mimea jamaa ya mnanasi, akawa humrudia na kumlisha mayai yasiyorutubishwa. Mama mwenye kazi nzito namna hiyo hastahili kuongezewa bughudha ya majirani.

Liko na suala la nasaba. Tinctorius, leucomelas na jamaa yao auratus huweza kuzaana, na watoto wao hawana msitu wowote duniani ulio wao. Hata ndani ya jinsi moja imetupasa kutochanganya: yule wa buluu wa Sipaliwini, kusini mwa Suriname, ambaye zamani alihesabiwa kuwa jinsi mbali na sasa huhesabiwa kuwa tinctorius, amejipatia sura yake katika visiwa vya msitu vilivyozungukwa na nyika, nasi tukimwozesha kwa wa bonde jingine tumeifuta kazi ya vizazi visivyohesabika.

La mwisho ni maradhi, nayo hayadhihiriki kwa macho. Kuvu liuwalo vyura ulimwenguni, Batrachochytrium dendrobatidis, lilielezwa mwaka 1999 kutoka kwa chura huyo huyo wa buluu aliyefia katika bustani ya wanyama ya Washington. Na kuvu hilo hilo lilikutwa kwa vyura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, walipoangamia baada ya bwawa la umeme kupunguza manyunyu ya maporomoko yao. Jinsi mbili zitokazo nchi mbali mbali huweza kuambukizana maradhi ambayo moja yao haiyajui kabisa. Kwa hiyo chura mgeni, hata akiwa wa jinsi ile ile, atengwe kwa wiki kadhaa katika kasha lake, kinyesi chake kipimwe, ngozi yake ipanguswe kwa pamba na pamba ipelekwe maabara, vyombo vyake visiazimwe kwa wengine, wala maji yake yasimwagwe mtoni.